Neno Halikwenda na Upepo



Ramadhani iliyopita nilimsema ndugu yetu aliyekuwa akikusanya michango ya futari. Nilisema tu, "Hesabu zake, Mungu anajua." Neno likazunguka bweni zima, naye akajiuzulu. Hesabu zilipokaguliwa, hata shilingi moja haikupungua. Nami nikanyamaza, nikiamini neno limeshakwenda na upepo.

Jioni moja tulikuwa uani tukichemsha chai kwenye sigiri. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, anayesoma kemia, "Tazama, mkaa wote umepotea, yamebaki majivu."

Akacheka. "Haukupotea, ndugu yangu. Umeungana na oksijeni, ukaenda hewani. Gramu 12 za kaboni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Hupungui kitu." Akanisimulia habari za Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye katika karne ya 18 alipasha moto bati ndani ya chombo kilichozibwa, na uzito wa chombo kizima ukabaki uleule.

Usiku ule sikulala. Ikiwa mkaa usioonekana bado una uzito wake, neno langu je? Suratu Zilzala imetufundisha kwamba hata chembe ya shari mtendaji ataiona.

Nikaleta istighfari mamia kwa mamia, moyo usitulie. Nikakumbuka sheria nyingine aliyonieleza, ya Joseph Proust: vitu huungana kwa kipimo maalumu. Maji ni gramu 1 ya hidrojeni kwa gramu 8 za oksijeni. Ukileta gramu 5 za hidrojeni kwa 8 hizo, gramu 4 hubaki pembeni, haziwi maji.

Na wanavyuoni wametuwekea masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mja, kumrudishia mwenyewe. Mimi nilikuwa nazidisha maneno ya ulimi, na hilo la nne sina.

Nikamwendea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe. Lakini mimi si peke yangu niliyelisikia."

Ndiyo maana naandika hapa. Enyi mliolisikia neno lile: lilikuwa uongo, na mwenye uongo ni mimi. Mlipolifikisha, fikisheni na hili.

Allah atusamehe, na atulinde na shari ya ndimi zetu. Amin.