Subira ya Mwanamke Isiwe Hoja ya Kumdhulumu

Kila ufikapo msiba, watu huwasifu wanawake kwa subira yao. Sifa hiyo ni njema, wala hapana aikataaye. Lakini yatupasa tujiulize: je, twamsifu mbeba mzigo ili tumpunguzie, au ili aendelee kuubeba peke yake?

Maradhi ya korona yalipothibitishwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2020, sisi wa pwani tuliionja dhiki yake, kwani mwezi wa Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Kitale na Bungoma, huko bara, hazikufungwa hivyo; na kwa sababu hiyo zatupa mfano ulio wazi zaidi. Huko mwanamke hakuzuiwa na mipaka ya mji bali na saa. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Muuza mboga hununua mali yake mapema kabla ya jua, na huiuza jioni watu warudipo makazini. Nyakati zake mbili za riziki zikabanwa kwa amri moja. Na Uganda ilipoifunga mipaka yake mwezi huo huo, malori ya mizigo yaliachwa yapite. Mchuuzi wa Lwakhakha mwenye kapu kichwani akarudishwa.

Amri hizo ziliwekwa kwa kuhifadhi roho za watu, nasi hatuzilaumu. Twasema tu kwamba amri isiyotaja mume wala mke yaweza kumlemea mmoja kuliko mwenziwe.

Huenda mtu akasema: mwanamume naye alipoteza kazi. Ni kweli, na machungu yake si madogo. Lakini aghalabu yeye alipokosa kazi mikono yake ilipumzika. Mwanamke alipokosa biashara kazi zake zilizidi. Skuli zilifungwa tangu Machi 2020, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021. Watoto wote wakawa nyumbani, na maji, kuni, chakula na uuguzi vikamngoja mtu mmoja. Mtaji wake ukaliwa ndani ya sufuria, na soko lilipochangamka tena hakuwa na cha kuanzia.

Binti naye alishikwa na ndoo wakati wa masomo ya redio, na kakaye akasikiliza. Wengine walipata mimba katika miezi hiyo. Serikali humruhusu msichana aliyezaa kurudi skuli. Lakini ruhusa haimlei mtoto. Asipopatikana wa kumshika mwanawe, mlango uliofunguliwa na sheria hufungwa na jamaa zake.

Basi usawa si kwamba wote wafanye kazi moja, bali mizigo yao ipimwe kwa mizani moja. Mvulana na ateke maji. Mume na ahesabu mtaji wa mkewe kuwa ni deni juu ya nyumba, si sadaka. Bibi na shangazi na wamshike mtoto, mama yake asome. Subira ni fadhila ya mwenye kusubiri. Kwa mwenye kumtazama ni deni, na deni halilipwi kwa sifa.