Gitaa Bovu ni la Nani?

Ukisema "panki" hapa Nyarugusu, kijana atakuelekeza kwa kinyozi. Kwetu panki ni nywele: pembeni unanyoa, katikati unaziacha zisimame kama kishungi cha jogoo. Wachache wanajua kwamba neno lenyewe limetoka kwenye muziki, na kwamba muziki huo ulikuwa wa magitaa.

Mimi nashughulika na vijana wa kikundi cha muziki. Nyimbo za panki zilitufikia ndani ya memori kadi iliyojaa vitu vingi, hata aliyeileta hatumjui tena. Wengi wakasema ni kelele. Wapiga gitaa watatu, wao, wakashikwa kabisa, na tangu hapo jioni zetu ni mabishano. Tena hawabishanii nyimbo tu. Wanabishania vyombo: huyu alipiga gitaa gani, amplifaya gani, kwa nini mlio unakwaruza vile. Katikati ya mabishano hayo kuna swali ambalo naona ni letu sote, wakazi wa kambi na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili: chombo kibovu kina uzuri wake? Na kama kina, ni nani mwenye haki ya kuusifu?

Tuanze New York. Mwaka 1974 vijana wanne wa Forest Hills, eneo la Queens, waliunda bendi wakaiita Ramones. Mpiga gitaa wao, Johnny Ramone, alikuwa mtu wa kazi za ujenzi. Aliingia dukani akatoka na Mosrite iliyotumika, kwa dola hamsini na kitu. Hakuichukua kwa kuwa ndiyo bora kuliko zote. Bei ilimfaa, na pia hakutaka gitaa ambalo kila mtu analo. Basi. Albamu yao ya kwanza, ya 1976, ina nyimbo 14 zinazoisha ndani ya dakika 29, na kuirekodi kuligharimu kama dola 6,400, pesa ndogo sana kwa studio za kule. Kodi zenyewe ni chache (sisemi kodi za serikali, hizo ni nyingi), na hakuna sehemu ya gitaa kuonyesha ufundi peke yake.

Lakini msikilize mkono wake. Johnny alipiga nyuzi kwa kushuka tu: kushuka, kushuka, kushuka, wimbo mzima. Kama unaona ni rahisi, azima gitaa upige hivyo kwa kasi yao. Dakika tatu hazitafika kabla mkono haujafa ganzi. Mmoja wa vijana wangu alifanya mazoezi hayo miezi miwili ndipo akamaliza wimbo mmoja bila kusimama.

Uingereza ya 1976 ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wasio na kazi, na huko ndiko moto uliposhika. Joe Strummer wa The Clash alikuwa na Fender Telecaster ya mwaka 1966, na namna alivyoipata itawagusa wengi hapa. Mwaka 1975 alifunga ndoa na mwanamke kutoka Afrika Kusini ili yule aweze kuishi Uingereza kihalali. Alilipwa kama pauni mia moja, na pesa hiyo ikaenda kwenye gitaa. Nilipowasimulia vijana, walicheka sana, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Hapa kila mtu anajua thamani ya karatasi. Gitaa lile likapakwa rangi nyeusi, na miaka ya kupigwa ikalichubua mpaka rangi ikabanduka.

Kule Manchester, Pete Shelley wa Buzzcocks alikuwa na gitaa la bei ya chini kabisa, Starway. Likavunjika, akalikata kipande cha juu, akaendelea kulipiga vilevile, gitaa lisilo na bega. Bendi yake ilikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, na Januari 1977 wakatoa wenyewe rekodi yao, Spiral Scratch, bila kungoja kampuni iwachague. Mwanzoni mwa mwaka huohuo kijarida kimoja cha mashabiki kiitwacho Sideburns, cha kutengenezwa na vijana wenyewe kama hiki chetu, kilichora kodi tatu na kumwambia msomaji kwamba zinatosha, sasa akaunde bendi. Mchoro ule umesafiri dunia nzima. Sisi tunao ukutani, tumeuchora kwa mkaa.

Msidhani nawafanya watakatifu. Steve Jones wa Sex Pistols alipiga Gibson Les Paul, gitaa la bei kubwa, na amesema mwenyewe kwamba vyombo vingi vya mwanzo vya bendi vilikuwa vya wizi, vingine aliviiba jukwaani kwa David Bowie mwaka 1973. Strummer alikuwa mtoto wa mwanadiplomasia, alisoma shule ya bweni. Wapo waliokuwa maskini kweli na wapo walioonja umaskini kama mtu anavyojaribu koti dukani. Hilo tuliweke pembeni, nitalirudia.

Sasa linalonikera. Mwaka 2007 kampuni ya Fender ilitoa Telecaster ya jina la Strummer, mpya kabisa, ambayo imechubuliwa kiwandani ili ifanane na lile gitaa la zamani. Gitaa la Pete Shelley nalo lilitengenezewa nakala na kampuni nyingine, likiwa limekatwa tayari kutoka kiwandani. Na Johnny Ramone, yule wa dola hamsini? Mosrite yake ya kwanza iliibwa mwaka 1977. Aliyoipiga baada ya hapo kwa karibu miaka ishirini iliuzwa kwenye mnada mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 900,000. Ukiwaambia hivyo wapiga gitaa wetu wanashika kichwa.

Kijana mmoja alisema: hao wanunuzi wanaheshimu, sisi je, hatutunzi fimbo ya babu? Mwingine akamjibu kwamba fimbo ya babu haina nakala elfu moja dukani, hawa wananunua kovu bila kidonda. Tulilala na neno hilo.

Mimi naona wote wawili wameshika kitu. Kupenda vyombo si upuuzi. Mtu anayetaka kujua kwa nini Mosrite inalia vile ataambiwa habari za sumaku zake zilizo chini ya nyuzi, kwamba zina nguvu, zinaisukuma amplifaya mpaka sauti inaanza kukwaruza. Hapo amejifunza jinsi mlio unavyozaliwa. Huo ni upendo wa fundi, unatazama mkono na kuuliza ulifanyaje. Lakini kuna upendo mwingine unaotazama dhiki yenyewe, ukaikuta nzuri, ukatamani ibaki pale ilipo ili uendelee kuitazama. Huu wa pili ndio ninaoukataa, na sikuujulia kwenye minada ya Marekani. Nimeujulia hapahapa.

Alikuja mgeni na kamera. Wakati huo kikundi kilikuwa na magitaa mawili: moja la mbao, zuri, tumeazimwa na kwaya, na jingine la kopo la mafuta ya mgao, shingo ya ubao, nyuzi za waya wa breki za baiskeli. La kopo alilitengeneza kijana wa miaka kumi na sita na lilikuwa limeshastaafu, linaning'inia. Kijana huyo akakaa na gitaa la mbao, akaanza sebene, vidole vinakimbia. Mgeni akasikiliza kidogo, akatabasamu, akaomba kwa adabu kabisa kwamba gitaa la mbao liwekwe nje ya picha, apige lile la kopo. Alisema lile lina ukweli zaidi. Kijana akalishusha, akapiga. Halisimami kwenye sauti, kwa hiyo akapiga kitu kidogo tu cha kitoto. Picha ikawa nzuri sana, sikatai. Mgeni alipoondoka kijana akaniuliza, "Kaka, kwani hili lingine ni uongo?"

Watu wa mashirika, najua picha ya kopo inaleta msaada ambao picha ya gitaa la mbao hailetI kirahisi. Na yule mgeni hakuwa na roho mbaya. Lakini fikirini alichoambiwa yule mtoto: kwamba sehemu yake ya kweli ni ile aliyolazimishwa na hali, na ile aliyoitafuta kwa jasho ni ya kuficha.

Franco Luambo, yule mkubwa wa Kinshasa, inasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe utotoni kwa kopo na nyaya za umeme, akawa analipiga kwenye meza ya mama yake aliyekuwa anauza mandazi sokoni, wateja waje. Sisi Wakongo tunaipenda hadithi hii. Lakini tunaisimulia kwa sababu tunajua ilikoendelea: alipata gitaa la kweli, akapata mwalimu, akaijaza Afrika. Sijasikia mtu akilalamika kwamba Franco alipoteza ukweli siku alipoliacha kopo.

Hapa ndipo lile la Strummer linaporudi. Mtoto wa mwanadiplomasia akishika gitaa lililochubuka, anaweza kulitua kesho. Gitaa lake bovu ni uamuzi, na uamuzi ni kitu cha kusifiwa au kulaumiwa. Kijana wangu hakuamua kopo. Ukilisifu kopo unamsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Msifu kwa alivyofunga nyuzi zile mpaka zikatoa sauti tatu zinazoelewana, maana hilo alilifanya kweli, na ni gumu.

Kuna mzee mmoja jirani yetu, mpiga sebene wa siku nyingi, ambaye haya yote hayamsisimui. Kwake panki ni muziki wa watu waliokataa kujifunza. Anatutajia Jean-Bosco Mwenda, Mkatanga aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja la kawaida, lisilo na umeme, kidole gumba na cha shahada, na unasikia kama watu wawili. "Huyo naye alikuwa na chombo hafifu," mzee anasema, "mbona hakuridhika na kodi tatu?"

Swali zito hilo, na silijibu kwa mzaha. Chombo hafifu hakimpi mtu ruhusa ya kazi hafifu. Tena nawaona vijana wengine wanaokimbilia panki kwa kuwa imewaambia wasihangaike, na hao mzee yuko sahihi juu yao. Ila nadhani mzee amesikia neno moja na kukosa la pili. Wale vijana wa 1976 hawakuchukia gitaa zuri. Johnny alipopata pesa alisimamisha amplifaya za Marshall nyuma yake, kubwa kama kabati. Steve Jones alitaka vizuri mpaka akaiba. Hawakukataa kizuri, walikataa kungoja.

Na kungoja, ndugu zangu, sisi ndio maprofesa wake. Tunangoja mgao, tunangoja kibali cha kutoka, tunangoja jina kwenye orodha ya mahojiano. Wengine wamezaliwa hapa wakiwa tayari kwenye foleni. Kungoja huku hatukukuchagua na hakuna wimbo wa dakika mbili utakaokuondoa. Siwezi kumwambia mama anayesubiri faili lake kwamba aunde bendi. Hatari ni kwamba mazoea ya foleni yanaingia mpaka mahali ambapo hakuna foleni. Kijana anakuambia ataanza kuandika nyimbo akifika Ulaya. Atajifunza gitaa shirika likileta magitaa. Nani amemwekea foleni hiyo? Mimi hapo ndipo panki inaponishika, si kwenye kelele zake.

Mwezi uliopita kikundi kilipata pesa kidogo ya kuuza sabuni. Zilitosha ama gitaa moja la umeme lenye amplifaya yake ndogo, ama magitaa manne ya mbao yaliyotumika. Tulibishana jioni tatu. Wapiga gitaa wetu watatu walitaka la umeme, na wakatumia Ramones kama mawakili. Wasichana walisema gitaa moja lina maana ya mtu mmoja kupiga na kumi na wawili kutazama, na wanajua watakaotazama ni nani. Kura zikawa saba kwa sita, magitaa manne. Mimi nilipiga kura na wasichana, na mmoja wa wale watatu hakunisalimia wiki nzima.

Wiki iliyofuata nilimkuta ameng'oa spika ndogo ya iafoni iliyokufa, ameibandika kwa utepe kwenye tumbo la moja ya magitaa mapya, na waya umeenda kwenye redio ya betri ya sola. Mlio ulitoka. Unakwaruza vibaya sana, na redio inazimika kila akipiga kwa nguvu. Aliniomba mambo mawili: nisimwite mgeni yeyote aje kupiga picha, na nimsaidie kuandika barua ya kuomba sumaku ya gitaa ya dukani. Barua tumeshaiandika. Wakati inatembea, anapiga.