Mwendo Uliosimamishwa



Ndege ya Concorde, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, ilipita angani kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, huko juu ambako baridi ni nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Hata hivyo ncha ya pua yake ilifika nyuzi 127 hivi. Wengi husema ni msuguano, na msuguano umo. Lakini pale kwenye ncha, hasa ni hewa iliyosimamishwa ghafla. Ukiwa ndani ya ndege, hewa ndiyo inayokujia mbio, chembe zake zote zikielekea upande mmoja. Ikifika puani inabanwa, inasimama. Mwendo wake haupotei: chembe zilizokwenda pamoja sasa zinarukaruka ovyo kila upande, na huko kurukaruka ndiko joto lenyewe.

Hili hunijia kila ninapowatembelea wagonjwa na wastaafu wa usharika. Mzee aliyeongoza kwaya na vikao vya ujenzi analazwa na kiharusi, nasi tunasema nguvu zimemwisha. Hazijamwisha. Zimegeuka ukali: chai ikipoa kidogo ni kesi, redio ya mjukuu ni kesi. Anayeungua kwanza ni mama anayemuuguza.

Mtume Paulo naye alisimamishwa. Kitabu cha Matendo kinamwacha Rumi, miaka 2 katika nyumba ya kupanga, analindwa na askari. Lakini watu walimwendea, naye akawapokea wote. Mimi naamini kule kuendewa kulimsaidia sana.

Walioiunda Concorde hawakuweza kuzuia joto lisizaliwe; waliliachia nafasi. Ikiwa angani, ndege ilirefuka kwa sentimita 20 hivi, na katika chumba cha marubani, kando ya mitambo ya mhandisi, ulifunguka mwanya wa kutosha kuingiza kofia. Ikipoa, mwanya ulijifunga.

Basi wiki hii nenda kwa mzee mmoja wa namna hiyo. Usimdanganye kwamba atakuwa kama zamani. Hata joto halirudi lote kuwa mwendo. Mwombe akufundishe sauti ya besi ya wimbo mmoja, akikukemea vumilia. Na yule mama mwambie akalale, wewe utakaa na mgonjwa hadi jioni.