Tawakali Ina Saa Yake

Kazi yangu ni kuwaongoza wazamiaji huku Pemba. Neno ninalolisikia sana chomboni, mitungi ikishafungwa mgongoni, ni "tutawakali, twende." Neno hilo ni la imani na silipingi. Ninachogombana nacho ni saa ya kulisema.

Katika milango ya Njao na Fundo, magharibi ya kisiwa, maji ya ndani na ya bahari kuu hupishana kila maji yanapojaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka, yanayopita pale ni mengi na yana haraka. Yakitoka, humvuta mtu kuelekea kilindini. Siku za maji mafu, mlango uleule hupoa. Qurani inatuambia mwezi umewekewa vituo ili tujue hesabu. Sasa anayeshuka mlangoni bila kuuliza leo mwezi ngapi anamtegemea Mungu vipi, na hesabu aliyopewa hakuifungua?

Mimi hudondosha jani la mwani omoni nahodha akiwa amesimamisha chombo kwa nanga, kisha nahesabu. Chombo chetu kina mita 10. Jani likifika tezi kwa sekunde 20, mkondo unakwenda nusu mita kwa sekunde, na wengi hawawezi kuogelea kuukabili kwa muda mrefu wakiwa na vifaa. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa maji huzidi mara nne. Hapo misuli haina la kusema. Basi tunangoja maji yasimame, au tunarudi pwani. Kurudi nako ni ibada, ingawa wageni hununa.

Ajabu naiona chini. Yule aliyekuwa mwepesi wa kutawakali juu, mkondo ukimshika huanza kupigana nao. Anapiga miguu, pumzi zinakwenda mbio, hewa inapungua mtungini, na mwamba hausogei. Namwashiria aache. Tunajibana karibu na mwamba, ambako maji hupungua nguvu, au tunakata mkondo kwa upande. Ukitubandua, tunakwenda nao pamoja, tunapandisha boya, tunasimama dakika tatu kwenye mita 5, kisha tunaibuka. Nahodha anatufuata kwa sababu tulikwisha kumwambia kuwa huenda tukachukuliwa, na upande gani.

Tumeligeuza jambo, naona. Palipo na hiari, juu ya chombo, tunajidai hatuna. Hiari ikishakwisha, ndipo tunapoidai kwa mateke.

Mtu atauliza: aliyepima yote, hazami? Huzama. Kando ya ukuta wa mwamba unaweza kukuta maji yanayoshuka, mapovu yako yanazama badala ya kupanda, na jani la juu halikukuonya. Utajitenga na ukuta, utaangalia kina, utatia hewa kwenye koti la kuelea, na bado huna hati ya kurudi salama. Lakini kipimo hakikuwa bei ya kununulia usalama. Kilikuwa wajibu wa mja kwa roho alizokabidhiwa, ikiwemo yake. Asiyeutimiza akanusurika, amenusurika akiwa na deni. Aliyeutimiza ndiye anayeweza kusema "nimetawakali" na neno likawa kweli, maana kilichobaki hakikuwa chake tangu mwanzo.