Methali Isiyomwonya Mkunga

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii tumeirithi sote, na mara nyingi tunaitumia mbali kabisa na chumba cha kujifungulia: tunamwonya kijana anayemdharau jirani, au mwanasiasa anayewabeza waliompa kura. Tukiirudisha mahali ilikozaliwa, tunaona kuwa inasema neno zito kuhusu mamlaka. Mzazi anaonywa achunge ulimi wake kwa sababu siku yake itafika, naye atakuwa mikononi mwa mwanamke awezaye kumhurumia au kumtelekeza. Methali inamwonya mzazi; haimwonyi mkunga. Haikuwa na haja. Mkunga alikuwa jirani, pengine somo yake mzazi, na adabu yake ilichungwa na mtaa mzima ambao kesho angekutana nao kisimani.

Je, methali hii inatufaa vipi mahali ambapo mkunga na mzazi hawachoti maji kisima kimoja?

Riyadh na Jeddah ni mahali pa namna hiyo. Kwa miongo mingi hospitali za Saudi Arabia zimetegemea wauguzi na wakunga wa kigeni, wengi wao kutoka Ufilipino na India. Mkunga aliyelelewa Manila au Kerala huandika taarifa zake kwa Kiingereza, na Kiarabu alichonacho huenda kikawa ni maneno machache ya kazi: sukuma, pumua, wapi panauma. Aliyelala mbele yake anaweza kuwa mwanamke wa Najd, Msudani aliyekulia Jeddah, au mfanyakazi wa nyumbani kutoka Machakos. Kila mmoja kati ya wawili hawa ni mgeni kwa mwenzake, na mara nyingine wote wawili ni wageni katika nchi hiyo.

Taasisi nyingi hulijibu tatizo hili kwa orodha. Mkunga mpya hufundishwa kwamba mzazi Mwislamu hupendelea kuhudumiwa na mwanamke na kusitiriwa mwili. Kwamba baba au babu atataka kumwadhinia mtoto sikioni. Kwamba mtoto huenda akalambishwa tende iliyolainishwa. Kwamba siku ya saba kuna akika, na mama hupumzika siku arobaini akinywa hilba, ambayo sisi tunaiita uwatu. Msomaji wa Lamu au Unguja atatabasamu, kwani karibu yote haya anayajua kwao. Siidharau orodha hii. Mkunga anayejua kuhusu adhana hatamsukuma babu nje ya mlango kwa pupa, na hilo si jambo dogo.

Lakini orodha huchoka upesi. Jeddah ni bandari ya mahujaji, na karne nyingi za hija zimeijaza familia zenye asili ya Hadhramaut, Java, Bukhara na Afrika Magharibi. Kusema "mila ya Wasaudi" mbele ya mwanamke wa Hijazi ni kumvika vazi ambalo hukumpima. Tena orodha humfundisha mkunga kumtazama mzazi kama mfano wa kabila lake. Akikuta mwanamke asiyetaka tende, au anayetaka mumewe akae kando yake, hana ukurasa wa kufungua.

Mfano mgumu zaidi uko Jeddah hiyohiyo. Mwaka 2001 jarida la uzazi la BJOG la Uingereza lilichapisha utafiti wa madaktari wa Jeddah juu ya wanawake, hasa wa Sudan na Somalia, waliokeketwa na kushonwa utotoni, ambao mshono wao ulifunguliwa wakati wa uchungu wa kuzaa. Waliona kwamba kuufungua ni kazi nyepesi na salama, lakini wakasisitiza kuwa inahitaji kuijali mila ya mwanamke. Kauli hiyo ina mzigo ndani yake. Baada ya kujifungua, mwanamke anaweza kuomba ashonwe tena kama alivyokuwa. Kuijali mila hapo hakuwezi kuwa na maana ya kumtii, kwa sababu kumshona ni kumrudishia madhara. Wala hakuwezi kuwa na maana ya kumkunjia uso, kumwita mwenzako aje atazame, au kunong'ona juu ya mwili uliolala wazi. Mkunga mwema atakataa jambo moja na kumheshimu mtu huyohuyo kwa pumzi hiyohiyo: atamweleza kabla uchungu haujakolea ni nini kitafanyika na kwa nini, na atamwuliza anachokihofia.

Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand aliyefariki mwaka 2003, aliliona jambo hili kwa uwazi. Wengine walipokuwa wakiwafundisha wauguzi mila za wagonjwa, yeye aliwataka kwanza wajitazame wenyewe: wana mamlaka gani, na wameingia chumbani na dhana zipi. Aliliita hilo usalama wa kitamaduni, na kipimo chake kilikuwa kigumu: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyeipokea, si aliyeitoa. Nadhani Ramsden aliandika nusu ya methali tuliyokuwa tumeiacha. Alimwonya mkunga.

Onyo hilo lina uzito gani? Turudi kwa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Machakos, na tuseme kwamba hajaolewa. Katika Saudi Arabia mimba ya nje ya ndoa inaweza kumfikisha mwanamke polisi, na hospitali inaweza kuwa ndiyo inayotoa taarifa. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliwaruhusu wanawake kusajili vizazi vya watoto wao, lakini asiye na cheti cha ndoa bado hukwama, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kusafiri. Ndiyo maana wako akina mama wa Kenya waliokaa miaka wakisubiri kurudi nyumbani na watoto ambao hakuna daftari linalowatambua, na ndiyo maana wengine hujifungulia vyumbani bila mkunga yeyote. Kwa mwanamke huyu, kujua mila za uzazi za kwao ni ujuzi mwema usiomfikia. Anachokiogopa ni kalamu iliyo mkononi mwa anayemhudumia.

Mtu atasema: mkunga naye ni mgeni mwenye mkataba, kibali chake cha ukaazi kimo mikononi mwa mwajiri, tunamtaka avunje sheria? Pingamizi hili ni la haki. Si uadilifu kumtwika mnyonge mmoja wajibu wa kumwokoa mnyonge mwingine peke yake. Mzigo wa kutenganisha uuguzi na upelelezi ni wa wenye hospitali na wenye sheria, na serikali zinazowapeleka wasichana wetu huko zina fungu lao. Wala hoja hiyo haitoki nje ya dini ya nchi hiyo. Katika Sahih Muslim imo habari ya mwanamke wa Ghamid aliyekiri zinaa akiwa mjamzito. Aliambiwa aende mpaka ajifungue, kisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Mwisho wa habari hiyo ni mzito, nami siufichi. Lakini hata pale penye hukumu kali kabisa, uzazi ulipewa nafasi yake, na hukumu ikangoja mlangoni.

Yako pia yaliyo mikononi mwa mkunga asiye na mamlaka yoyote nje ya pazia lake. Hakuna mkataba unaomlazimisha kuuliza "mumeo yuko wapi" kwa sauti ya kusikika wodi nzima, wala kumnyima dawa ya maumivu kwa kuwa "alijitakia". Anaweza kumwita kwa jina lake. Anaweza kumlaza mtoto kifuani pa mama kabla ya makaratasi. Kwa Kiarabu, tumbo la uzazi ni rahim, na rehema ni rahma; ni mzizi mmoja, nasi tumeupokea tukawaita nao binti zetu.

Tuendelee kuwafundisha watoto wetu wasiwatukane wakunga. Lakini tumalize somo: mkunga naye asimtukane mzazi, hasa mzazi asiyeweza kujibu.