Haki ya Kuisahihisha Kazi ya Mwenzako

Wamo miongoni mwetu wanaopendekeza kwamba sisi tufundishao Kiswahili katika Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tuwe na tovuti moja ya pamoja, ambamo kila mwalimu ataandika maelezo ya msamiati na sarufi, na kila mwalimu mwingine ataweza kuyafungua maelezo hayo na kuyabadili. Tovuti ya namna hiyo huitwa wiki. Msomaji asidhani kuwa ni ile wiki ya siku saba. Neno hili limetoka katika lugha ya Hawaii, ambamo wiki wiki maana yake ni haraka haraka. Mmarekani Ward Cunningham alilitwaa kutoka kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa jina hilo tovuti ya kwanza ya aina hii, aliyoifungua mwaka 1995. Sisi tuliofunzwa na wazee kwamba haraka haraka haina baraka tunayo ruhusa ya kuingia humo kwa hadhari.

Kuisimamisha tovuti yenyewe si kazi kubwa. Programu ya MediaWiki, ileile inayoiendesha Wikipedia, hutolewa bure. Linalobaki ni kukodi seva, kulipia jina, na kumpata mtu mwenye subira ya kuhifadhi nakala mara kwa mara. Hayo fundi atayamaliza kwa siku chache. Asiloweza kulimaliza fundi ni swali hili: ni kwa haki gani mtu hulifuta neno lililoandikwa na mwenzake?

Mwalimu hakuzoea kuulizwa swali hilo. Darasani kalamu nyekundu iko mkononi mwake, na haki yake ya kusahihisha imekwisha thibitishwa na cheti chake. Katika wiki cheti hicho hakionekani. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuigusa sentensi ya mkaguzi wa shule, na kama hoja yake ni nzito, sentensi ya mwanafunzi ndiyo itakayobaki. Wako wenzetu wanaouona huu kuwa utovu wa adabu, nasi hatuwacheki. Adabu ya kuwatanguliza wajuzi ndiyo iliyotulea.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba hata waasisi wa Wikipedia walianza na wajuzi. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo iliyoitwa Nupedia, ambayo kila makala yake yalipaswa kupita hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Mwaka mzima ulipita na makala yaliyofika mwisho hayakutimia hata thelathini. Mwezi Januari 2001 wakafungua Wikipedia pembeni yake, mlango wazi kwa kila mtu, na mtoto huyo akammeza mzazi wake. Si kwamba wajuzi walikuwa wabaya. Ukaguzi wa kabla ya kuandika uliwaogofya waandishi, ilhali ukaguzi wa baada ya kuandika uliwaita.

Na katika huo ukaguzi wa baadaye ndimo tunamoliona jambo la kimaadili lenye thamani. Kila ukurasa wa wiki una historia yake: aliyebadili, saa aliyobadili, neno lililotoka na lililoingia. Lililofutwa halipotei, aweza mtu kulirudisha wakati wowote. Mwalimu anayesahihisha daftari hana shahidi ila mwenye daftari, na huyo ni mdogo, hawezi kusema. Anayesahihisha katika wiki husahihisha mbele ya macho ya wote, na kusahihisha kwake nako kwaweza kusahihishwa. Sijui kama wako wengi kati yetu wanaoweza kuustahimili uwazi huo kwa mwezi mmoja!

Hata hivyo, historia ya ukurasa haitibu kila jeraha. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alikuta katika Wikipedia ya Kiingereza maelezo yaliyomhusisha na kuuawa kwa ndugu wawili wa Kennedy. Ulikuwa uwongo mtupu, ulioandikwa kwa mzaha na mtu asiyejitambulisha, nao ulikaa miezi kama minne. Kurudisha ukurasa ulivyokuwa ni kazi ya dakika. Kurudisha jina la mtu ni kazi nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, panapotajwa mtu aliye hai, kanuni yetu iwe kufuta kwanza neno lisilo na ushahidi, kisha tujadiliane.

Hatari ya pili yatuhusu zaidi sisi wa lugha zisizo na wasomaji wengi mtandaoni. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti, naye ameyaandika kwa miaka kadhaa kwa nia njema. Mlango ulikuwa wazi, lakini wenye lugha hawakuingia. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003. Ni wangapi kati yetu waliowahi kubonyeza humo neno Hariri?

Sasa tuje kwenye kalamu nyekundu yenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Kongo na Ruanda-Urundi, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwamo. Mwalimu wa Bukavu akiandika mayi, wengi wetu tutakata mstari na kuandika maji juu yake. Lakini mtu wa Lamu asemaye mai hatumkati. Twamwita mwenye lahaja, na mashairi yake twayasoma kwa heshima. Tofauti iko wapi? Mmoja ana pwani nyuma yake na mwingine hana. Katika mtihani lazima jibu liwe moja, hilo hatubishi. Tovuti ya pamoja si karatasi ya mtihani. Mayi iandikwe, itajwe inakosemwa, na usanifu utajwe kando yake.

Wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili huitwa wakabidhi, na jina hilo latupendeza, kwa kuwa ndani yake mna amana. Wazee wengine hulitumia neno hilohilo kwa bahili, na tahadhari hiyo nayo itufae. Mkabidhi aweza kufunga ukurasa na kumzuia mtu asiandike. Basi asiuamue mgogoro ambao yeye mwenyewe ni mmoja wa wagombanao, na kila anayefuta kazi ya mwenzake aandike sababu katika ukurasa wa majadiliano, kwa jina lake, kwa lugha ambayo angeitumia wakiwa wameketi pamoja.

Limebaki suala la funguo za seva. Tovuti nyingi za vyama hufa siku mtu mmoja anapohamishwa kituo na nywila zikaondoka naye. Twapendekeza ziwe kwa watu watatu, kila mmoja katika nchi yake, na ada ya jina la tovuti ilipwe kutoka mfuko wa chama, isiwe mfukoni mwa mwalimu.