Ni Shahidi Yupi Aaminiwe?

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961 Moïse Tshombe, mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga, alikuwa Ndola, ng'ambo ya mpaka, akimngoja mgeni. Huku Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, watu walikuwa wakipigana tangu tarehe 13. Mgeni ni Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuja kutafuta mapatano. Hawakuonana. Baada ya saa sita ya usiku ndege yake ilianguka porini karibu na Ndola. Walikuwamo watu 16. Mmoja tu alipatikana hai, naye akafa baada ya siku chache.

Hata hivyo, magazeti kadhaa ya ng'ambo yalitangaza kwamba Hammarskjöld amefika salama. Ndege nyingine, yenye mjumbe wa Uingereza, ilikuwa imetua mapema. Je, waandishi wale walisema uongo? Labda hawakukusudia. Lakini jambo walilolitazamia waliliandika kama jambo waliloliona, na amri ya nane yagusa hata hapo.

Wachoma makaa nao walikuwako porini. Watu wa Lubumbashi waijua kazi hiyo: tanuri huchungwa usiku kucha, moto usije ukapasua udongo na kuyageuza makaa kuwa majivu. Basi wale walikuwa macho. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili, na moto angani. Tume ya serikali ya Rodezia, mwaka 1962, iliweka kando maneno ya mashahidi Waafrika, ikamtupia rubani kosa. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule, haikuweza kukata neno.

Ni kweli, kumbukumbu ya mzee yaweza kuchanganyika na habari alizosikia baadaye. Hiyo ni sababu ya kumwuliza kwa uangalifu, si ya kumfukuza barazani kwa kuwa hana viatu. Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, aliyapima maneno yao upya kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2017 aliandika kwamba yawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na wengine. Hakusema ni hakika.

Zabaki nyaraka. Karatasi haisahau, ila ina mwenye ufunguo. Katika taarifa yake ya mwaka 2022 jaji huyo alieleza kwamba karibu ni hakika serikali fulani zingali zinashika habari za maana ambazo hazijazitoa.